Amebeba mwingine, utanyonyesha wewe: mwongozo wa kuleta maziwa kabla mtoto hajafika

Swali huja kwa sauti ya chini, mara nyingi usiku: "Dada, mtoto wangu anabebwa na mwanamke mwingine. Nataka kumnyonyesha mimi. Maziwa yatatoka wapi?" Nikishajibu hilo, yanafuata yale yale: dawa gani, nianze lini, wiki nane zilizobaki zinatosha? Nimeyapanga majibu hapa kwa kufuata kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu nami niliyauliza wakati wangu na sikupata wa kunijibu kwa Kiswahili.

Mfuko wangu wa uzazi uliondolewa nikiwa na miaka 29. Binti yangu alibebwa na mwanamke mwingine hapa Nairobi, kisha akanyonya titi langu kwa miezi kumi na mmoja. Hakuna siku hata moja aliyoshiba kwa maziwa yangu peke yake. Karibu nusu yalikuwa yangu, nusu ya kopo. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoleta maziwa bila kubeba mimba hupata sehemu ya mahitaji ya mtoto, si yote, na anayeanza akidhani atapata yote huvunjika moyo siku ile ile ambayo angepaswa kushangilia.

Jibu fupi ni ndiyo: titi ambalo halijazaa linaweza kutoa maziwa. Halihitaji mfuko wa uzazi, wala ovari. Linahitaji homoni za kulikuza kwa ndani, halafu liambiwe kila baada ya saa chache kwamba kuna mtoto anataka kula. Maziwa yakitolewa, mwili hutengeneza mengine. Yakiachwa, mwili hupunguza. Wamekuwepo mabibi walionyonyesha wajukuu waliofiwa na mama, bila kidonge chochote, kwa kuwa mtoto alilivuta titi mchana na usiku mpaka likaitika. Mkumbuke bibi huyo kila utakaposhawishika kwamba kazi hii ni ya dawa.

Kabla hujanunua chochote

Anza na sababu iliyokufanya ubebewe mimba. Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo penye hatari. Njia inayosifiwa zaidi hutumia vidonge vyenye estrojeni, homoni ya kike, ambavyo huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa, na domperidoni, dawa ya kichefuchefu inayosaidia pia kuleta maziwa, ambayo kwa baadhi ya watu huvuruga mapigo ya moyo. Sasa fikiria: ikiwa hukubeba mimba kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, damu iliyowahi kuganda, kiharusi au saratani ya titi, dawa zilizomfaa rafiki yako zinaweza kukuua wewe. Kipandauso kinachotanguliwa na mwanga au vimulimuli machoni nacho kinakuondoa kwenye estrojeni, na vilevile ukivuta sigara na umevuka miaka 35. Ukiwa katika kundi hili haimaanishi hutanyonyesha. Utaruka Hatua ya 2 na kwenda moja kwa moja kwenye kukamua.

Mwone daktari wa wanawake, ikiwezekana yule yule wa kliniki iliyokutengenezea kiinitete, maana faili lako analo. Mwombe:

- kipimo cha VVU, homa ya ini B na kaswende, hata kama ulipima mwaka jana;
- presha, na kipimo cha umeme wa moyo, kile unachobandikwa nyaya kifuani;
- kipimo cha tezi ya shingo, kwa sababu tezi isiyofanya kazi vizuri huyazuia maziwa;
- aangalie historia ya matiti yako. Kama uliwahi kupunguzwa matiti kwa upasuaji au kupigwa mionzi kifuani, mirija ya maziwa inaweza kuwa imekatika au kuharibika.

Ukikutwa na VVU, nenda kliniki yako ya dawa mkapange ulishaji wa mtoto kabla hajazaliwa. Usiamue peke yako nyumbani, kwa kunyonyesha wala kwa kutonyonyesha.

Vifaa si vingi:

- Pampu ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja, yenye betri ya kuchaji. Umeme ukikatika saa sita usiku utaelewa kwa nini nimetaja betri. Ya mkono inafaa kama akiba tu.
- Faneli za pampu za ukubwa unaokutosha. Chuchu iingie na kutoka bila kusugua kingo.
- Mipira myembamba ya kulishia, ile ya puani ya watoto wachanga, namba 5. Maduka ya vifaa vya hospitali huiuza.
- Plasta ya karatasi, bomba la sindano la mililita 10 au 20 lisilo na sindano, vikombe vidogo vya chuma au plastiki ngumu.
- Vyombo vyenye mfuniko vya kuhifadhia maziwa.
- Daftari. Andika saa na kiasi. Bila daftari utakumbuka siku mbaya tu.

Na mtu wa kukushika mkono. Tafuta mshauri wa unyonyeshaji, au sista aliyefanya kazi wodi ya watoto wenye utapiamlo. Masista hao wanajua kumlisha mtoto kwa mpira kwenye titi, kwani ndivyo wanavyorudisha maziwa ya akina mama wa watoto walio chini ya miezi sita.

Hatua ya 1: Hesabu kurudi nyuma

Chukua tarehe ya matarajio ya kujifungua. Ukiwa na miezi sita, una nafasi nzuri. Miezi mitatu inatosha. Ukiwa na wiki nane, sita au chini, daktari anaweza kufupisha au kukuambia uanze kukamua moja kwa moja. Ukiwa tayari una mtoto mkononi hujachelewa pia: nenda Hatua ya 7, na mtoto mwenyewe atakuwa pampu yako.

Acha wiki mbili za tahadhari. Watoto huja kabla ya tarehe, na mapacha zaidi.

Hatua ya 2: Homoni, kwa wanaoruhusiwa

Utaratibu unaofuatwa na wengi ulitokana na Lenore Goldfarb wa Kanada, mama aliyepata mtoto kwa njia hii hii ya kubebewa, akishirikiana na daktari Jack Newman wa Toronto. Wazo lake: mwili upewe estrojeni na projesteroni kila siku ili matiti yakue kama ya mjamzito, kisha homoni hizo zikatwe ghafla, mwili udhani umezaa.

Homoni hizo ni vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Kosa linalorudiwa mno ni hili: pakiti nyingi za kwetu zina vidonge 28, kati yake 21 vina homoni na 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Hivyo 7 huvimezi. Unamaliza 21 na kesho yake unafungua pakiti mpya. Ukimeza vya kahawia, homoni zinashuka kila mwezi na matiti yanarudi yalikotoka.

Dawa ya pili ni domperidoni, ambayo kazi yake ya asili ni kuzuia kichefuchefu lakini hupandisha prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa. Ujue kwamba haikusajiliwa kwa kazi ya maziwa. Marekani ilitoa onyo mwaka 2004 dhidi ya kuitumia hivyo, na Ulaya mwaka 2014 ikaweka kikomo cha miligramu 30 kwa siku kwa mtu mzima. Madaktari wengi wa unyonyeshaji huandika zaidi ya hapo kwa mwanamke mwenye moyo mzima, na ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo hakiachwi.

Mimi niliinunua duka la dawa bila cheti, na hakuna aliyeniuliza ninameza nini kingine. Nilikuwa natumia flukonazoli kwa ajili ya fangasi. Siku ya tatu, nikiwa nimeketi tu, moyo ulianza kuruka kama unakosa hatua. Daktari alisimamisha zote siku hiyo hiyo. Flukonazoli, ketokonazoli, erithromisini na klarithromisini hazikai pamoja na domperidoni. Balungi nayo iache. Ukihisi moyo unaruka au ukizimia, acha dawa na nenda hospitali siku hiyo, usisubiri kliniki ya Jumatatu.

Wengine huandikiwa metoklopramidi kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Hiyo huingia kwenye ubongo na inaweza kuleta huzuni nzito na mikakamao au mitetemo ya mwili. Kama umewahi kuugua sonona, mwambie daktari kabla hajaandika.

Ishara kwamba matiti yanakua: yanakuwa mazito, yanauma kidogo, sidiria inabana. Mwezi ukipita bila mabadiliko, rudi kwa daktari, usiongeze dozi mwenyewe.

Hatua ya 3: Kata kidonge, shika pampu

Wiki sita hivi kabla ya tarehe, acha vidonge vya uzazi wa mpango. Domperidoni inaendelea kama daktari alivyopanga. Kama una mfuko wa uzazi utatoka damu ndani ya siku chache. Ni ya kawaida, na haiharibu kitu.

Siku hiyo hiyo anza kukamua. Usisubiri matiti yajae. Hayatajaa yenyewe.

Hatua ya 4: Kukamua

Hii ndiyo kazi. Mengine yote ni maandalizi.

Lengo ni mara nane kwa saa ishirini na nne. Ratiba yangu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku, saa sita usiku, na saa tisa usiku. Mwenye kazi ya ofisini anaweza kusogeza saa za mchana, mradi idadi isishuke sana. Ile ya saa tisa usiku usiiache kwa urahisi, prolaktini huwa juu usiku.

1. Nawa mikono. Weka kitambaa cha vuguvugu juu ya matiti kwa dakika mbili tatu.
2. Kanda titi kwa vidole, mizunguko midogo kutoka juu kuelekea chuchu, kisha inama mbele na ulitikise taratibu.
3. Weka pampu kwa mvuto wa chini au wa kati. Dakika 5 hadi 7. Ikiuma, umepandisha mno au faneli haikutoshi.
4. Simamisha, kanda tena.
5. Pampu tena dakika 5 hadi 7.
6. Malizia kwa mkono: kidole gumba juu, vingine chini, sentimita mbili tatu nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiteleze juu ya ngozi wala usivute chuchu.

Siku za mwanzo utakamua hewa. Nitarudia: utakamua hewa, siku baada ya siku, na chupa itabaki kavu kama ilivyotoka kabatini. Hapa ndipo wengi wanaacha. Yangu ilikuwa kavu siku kumi na tano. Usiku wa kumi na sita, saa tisa na robo, nilikuwa nakamua kwa mkono huku nasinzia, nikahisi unyevu kwenye kidole gumba. Nikawasha taa ya simu. Kwenye chuchu ya kushoto kulikuwa na tone moja, si jeupe, la rangi ya maji ya mchele, limekaa pale bila kuanguka. Nilimwamsha mume wangu. Akaliangalia muda mrefu bila kusema neno, kisha akaenda kunichemshia chai.

Matone ya kwanza huwa maangavu au ya njano hafifu, baadaye yanakuwa meupe. Wengine huyaona baada ya siku chache, wengine baada ya mwezi. Usipime mafanikio kwa kile pampu inachotoa. Mtoto anayenyonya vizuri hutoa zaidi ya pampu.

Kula vizuri na unywe unapohisi kiu. Uji wa ulezi wenye pilipili manga, mtori, supu, vyote vinakupa nguvu, na shangazi atakayekuletea mpokee kwa shukrani. Lakini hakuna chakula kitakachokuletea maziwa kama hukamui. Uwatu wengi wanautumia. Unashusha sukari mwilini, kwa hiyo mwenye kisukari amuulize daktari kwanza, na vilevile anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hatua ya 5: Hifadhi kila tone

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na miezi 6 kwenye friza nzuri. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili, usiyahesabie hizo saa 4. Yapeleke kwenye friji mara moja, nyuma kabisa, si mlangoni. Andika tarehe. Yaliyoyeyushwa yatumike ndani ya saa 24 na yasirudishwe kwenye friza.

Hatua ya 6: Zungumza na aliyekubebea, na hospitali

Fanya hili mwezi wa saba wa mimba, si siku ya uchungu.

La kwanza ni dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo. Wewe usiyebeba mimba kwa kawaida hutapata dang'a; yako yatakuja yakiwa karibu na maziwa yaliyokomaa. Aliyezaa atakuwa nayo. Muulize kwa heshima, na umwachie nafasi ya kukataa, kama atakubali kukamua kwa siku mbili tatu. Vipimo vyake vya VVU na homa ya ini viwe vya karibuni. Kumbuka pia kwamba matiti yake yatajaa siku ya tatu au ya nne hata kama hakuna mtoto wa kunyonya. Asiachwe na maumivu hayo peke yake: mpangieni sista wa kumwona, sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha baridi, na kukamua kidogo tu ili kupunguza shinikizo.

Ukiwa Mwislamu, kumbuka kunyonya hujenga undugu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, ni minyonyo mitano kabla ya mtoto kufika miaka miwili. Suala la kubebewa mimba lenyewe wanazuoni wengi wanalikataza, kwa hiyo usiingie hatua hii bila kumkalisha shehe unayemwamini.

Maziwa ya kuchangiwa ni habari nyingine. Pumwani, Nairobi, kuna benki ya maziwa ya mama tangu 2019, lakini imekusudiwa watoto wachanga walio hatarini hospitalini. Usiitie kwenye mpango wako wa nyumbani. Maziwa ya jirani ambaye hajapimwa usiyatumie.

La pili ni karatasi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mapacha waliozaliwa kwa njia hii, ambao walichukuliwa na kupelekwa makao ya watoto kwa sababu ya utata wa nani aandikwe mzazi. Mtoto akiwa mbali nawe wiki ya kwanza, kunyonyesha kunaanza kwa kuchechemea. Mwambie wakili aandike barua mapema, hospitali iijibu kwa maandishi: nani atakuwa chumbani, nani atapakata mtoto kwanza, na kwamba asipewe chupa bila wewe kujua.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza

Vua blauzi. Mtoto awe na nepi tu, alale kifuani kwako, kanga juu yenu wote wawili. Saa ya kwanza ikiwezekana. Isipowezekana, saa yoyote utakayompata. Mwache ajitafutie. Atapiga kichwa huku na huku, atalamba, atasinzia, ataamka. Usimsukume kichwa.

Anapopanua mdomo kama anapiga miayo, mlete yeye kwenye titi, usipeleke titi kwake. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini uwe umebinuka nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe ndani. Ikiuma baada ya sekunde chache, ingiza kidole safi kwenye kona ya mdomo wake, mtoe, anza upya.

Hatua ya 8: Mlishe kwenye titi kwa mpira

Hii ndiyo siri ambayo natamani ningeambiwa mapema. Mtoto anashiba maziwa ya nyongeza huku akinyonya titi lako, hivyo hakati tamaa na titi linapata ishara yake.

1. Weka maziwa yaliyopimwa kwenye kikombe au chupa.
2. Tumbukiza ncha moja ya mpira ndani ya maziwa.
3. Ncha ya pili ibandike kwa plasta juu ya titi, iishie sawa na ncha ya chuchu au ipite kidogo mno.
4. Mweke mtoto titini, mpira uingie mdomoni pamoja na chuchu.
5. Usawa wa maziwa uwe sambamba na chuchu. Yakienda kasi na mtoto anapaliwa, shusha kikombe. Yasipopanda, inua kidogo.
6. Mlisho uchukue kama nusu saa. Akimaliza kwa dakika tano, amekunywa mpira, hakunyonya titi.
7. Sukuma maji ya moto yenye sabuni ndani ya mpira kwa bomba la sindano papo hapo, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Ukiona umeganda weupe au umekuwa mgumu, tupa.

Maziwa ya kopo yatengenezwe kwa maji yaliyochemka na kuachwa kwa muda usiozidi nusu saa, yakiwa bado ya moto kiasi cha nyuzi 70, kisha yapozwe na yatumike ndani ya saa 2. Usiongeze maji ili kopo lidumu. Watoto wanapelekwa hospitali kwa kosa hili.

Hatua ya 9: Punguza nyongeza kwa mizani, si kwa matumaini

Kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza mtoto huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku; siku za mwanzo kabisa huanza na kidogo na kupanda taratibu. Mwenye kilo 3 anahitaji 450, yaani kama 56 kwa kila mlo akila mara nane. Akifika hapo, anza kwa kumpa kiasi chote hicho kwa mpira. Titi lihesabiwe kuwa sifuri mpaka mizani iseme vinginevyo.

Siku za mwanzo watoto hupungua uzito, hata hadi asilimia 10, na wanapaswa kurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili. Baada ya hapo mpime kila wiki kwenye mizani ile ile ya kliniki, bila nguo. Akiongeza gramu 125 au zaidi kwa wiki na anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, punguza nyongeza kwa mililita 50 kwa siku nzima. Si kwa kila mlo. Kaa hapo siku kadhaa, mpime tena. Akiongeza vizuri, punguza 50 nyingine. Asipoongeza, rudisha ulichopunguza. Utafika mahali ambapo kila ukipunguza uzito unasimama. Hapo ndipo kiasi chako kilipo, na ni sawa kukaa hapo mpaka aanze vyakula vingine baada ya miezi sita.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona haamki kula, mdomo umekauka, utosi umebonyea, macho yana umanjano, au mkojo ni mchache na wa rangi nzito.

Yakikwama

*Wiki nne na hakuna tone.* Hesabu kwenye daftari ni mara ngapi ulikamua kweli. Walionijia na shida hii, wengi walikuwa kwenye mara nne au tano. Kama ni nane kweli, angalia faneli, kisha daktari apime prolaktini na tezi ya shingo. Endelea kumweka mtoto titini kwa mpira hata hivyo.

*Chuchu zimepasuka.* Mvuto wa pampu ni mkubwa au mtoto anashika chuchu tupu. Rekebisha hilo kwanza, ndipo upake tone la maziwa yako au mafuta laini ya lanolini.

*Titi jekundu, gumu, na homa.* Usiache kunyonyesha upande huo. Barafu kwenye kitambaa, pumzika, na usikande kwa nguvu. Homa ikipita saa 24, muone daktari kwa dawa ya kuua bakteria.

*Mtoto analikataa titi.* Mara nyingi amezoea chupa yenye mtiririko wa haraka. Ondoa chupa, tumia kikombe na mpira. Mjaribu akiwa nusu usingizini, au dondosha maziwa juu ya titi yateremkie mdomoni ili alipe titi nafasi. Usipigane naye akilia, mpakate, ngojea, jaribu tena.

*Mama mkwe anasema hayo si maziwa ya kweli.* Ni maziwa. Mwombe akupakatie mtoto wakati unakamua. Wangu nilimwonyesha kikombe chenye mililita 30, akakinusa, akasema "mama, haya ni maziwa kabisa," na tangu siku hiyo akawa ndiye anayenikumbusha saa tisa usiku.

*Huzuni isiyoondoka.* Hata usiyezaa unaweza kuingia kwenye sonona ya mama mwenye mtoto mchanga, na dawa na kukosa usingizi huizidisha. Wiki mbili za kulia au za kutojisikia chochote zinatosha kumwona daktari. Kama pampu ndiyo inayokuvunja, punguza idadi au acha. Mtoto atakula kopo na atalala kifuani kwako vilevile.

*Nataka kuacha domperidoni.* Usiikate ghafla. Wapo waliopata wasiwasi mkali na kukosa usingizi kwa kuikata siku moja. Panga na daktari kushusha kidogo kidogo, kwa mfano kila wiki upunguze kidonge kimoja kwenye vile vya siku, na ukiona maziwa yamepungua sana mpe mwili wiki moja zaidi kabla hujashuka tena. Baada ya kuachisha, matone yanaweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Usiyakamue kuangalia kama bado yapo. Yakiwa na damu, au yakitoka yenyewe kwa titi moja tu, nenda ukapimwe.